Jeki bapa za pedali nimetengeneza mwenyewe, mita inasema safi ila sauti inafifia. Msaada wakuu

Kapo_wa_Majengo

Wakuu habari za jioni. Mimi ni mpiga gita hapa Moshi, kanisani na mara mojamoja kwenye harusi, sio fundi kihivyo ila kuchoma risasi (kuunga waya kwa risasi ya kuyeyusha) naweza maana nimejifunzia kwenye redio za nyumbani.

Ishu yangu iko hivi. Nina pedali tano za gita (vile visanduku vya kukanyaga vya kubadilisha sauti) nimezifunga kwenye ubao wa rafu ya kabati la zamani, nikauwekea na mpini wa begi ili niubebe kwenye bodaboda. Ubao ni mfupi, kati ya pedali na pedali inabaki sm 2 na nusu tu. Jeki (vichwa vya waya vya kuchomeka) zile za kunyooka haziingii hata kwa dua, na zile za kona za plastiki tulizozoea kichwa chake ni kinene, ukiweka mbili zikitazamana unahitaji karibu sm 4. Zile bapa kabisa, ambazo kichwa chake ni kama sarafu, hapa mjini nimezunguka nimekosa, kuagiza Dar wakaniambia bei nikacheka nikakata simu.

Nikaamua kutengeneza. Nilichukua jeki za kawaida za chuma zile za robo inchi, nikafungua kile kifuniko cha nyuma nikakitupa, nikakata ule mkia mrefu wa chuma unaobana waya nikabakiza kama mm 5 hivi, waya nikauchoma ukitokea ubavuni badala ya nyuma. Halafu nikachukua kizibo cha chupa ya maji, nikakitoboa katikati kwa msumari wa moto, nikaupitisha mti wa jeki pale ukatokea chini, ubavuni nikakata kijinafasi cha waya, nikajaza gundi ya tyubu mbili mpaka juu. Kichwa kimetoka na mm 14! Mbili zikitazamana bado hazitoshi ila nimesogeza pedali moja mbele moja nyuma, vichwa vinapishana, ubao umeenea vizuri mpaka nikapiga picha.

Sasa tatizo. Waya nilitumia ule wa gita wa zamani wa mita 6 uliokuwa umekatika katikati, nikatoa vipande vinne vya sm 15 vya kuunganishia pedali. Kila kipande nilipima kwa mita ya umeme, ile inayolia piii, ncha kwa ncha inalia, mwili kwa mwili inalia, ncha kwa mwili kimya. Safi kabisa. Lakini nikipitisha gita kwenye ubao pedali zote zikiwa zimezimwa sauti inafifia, ule ukali wa juu wote unakufa, kama mtu kaitupia amplifaya blanketi. Nikiwasha pedali ya kwanza sauti inarudi yote. Nikiwasha ya mwisho peke yake haisaidii. Gita moja kwa moja kwenye amplifaya liko poa.

Na tatizo dogo, vichwa viwili gundi imechomoka yote na waya wake, imetoka kwenye kizibo kama kiini cha yai la kuchemsha. Nimekosea wapi?

Mdau_Kiboriloni

Ngoja nikae hapa na kahawa yangu nisubiri wataalamu, mimi nimefungua uzi nikijua ni jeki ya kunyanyulia gari 😂

Meku_Nyaya

Kapo meku wangu, hapo waya ndo umechoka, ule ushakatika unaudai nini tena. Chukua waya wa dishi la tivi, ule mweusi au mweupe, una wavu mzuri (zile nyuzi za chuma zinazouzunguka) na katikati kuna shaba moja nene inapitisha kila kitu. Mimi nimeunga redio ya gari na amplifaya nao mwaka wa tatu huu unadunda tu.

Dada_Mikisa

Nipo Arusha, nafanya sauti kwenye matamasha na makanisa miaka kadhaa sasa. Meku naomba nikupinge kwa upendo kabisa. Waya wa dishi kwenye redio ya gari utadunda kwa sababu hakuna anayeukunja tena, ukishaufunga umefunga. Kwenye ubao wa pedali unaokwenda kwa bodaboda ni kitu kingine. Ule waya wa kati ni mmoja mgumu, ukiukunja mara nyingi unakatika ndani kwa ndani na nje huoni kitu. Halafu nyingi za bei ya kawaida katikati ni chuma kilichopakwa shaba, na ule wavu ni alumini. Wewe uliyewahi kuichoma alumini kwa risasi ya kawaida ikashika njoo hapa utufundishe wote.

Kapo, turudi kwako. Maelezo yako ni mazuri na jibu liko humohumo ndani. Umesema ukiwasha pedali ya kwanza sauti inarudi, ya mwisho hairudi. Hiyo inaniambia waya haujakatika na wala hauna shoti, ila kuna sehemu sauti inavuja kidogokidogo kuelekea kwenye wavu. Gita lisilo na betri lina nguvu ndogo sana ya kusukuma, ndo maana mlango wa amplifaya ya gita unajengwa uwe na ukinzani mkubwa, kawaida omu milioni 1 hivi, ili usilinyonye. Ukiweka mvujo njiani ni sawa na umelibebesha gita mzigo, na kinachotangulia kufa ni huo ukali wa juu. Ukiwasha pedali ya kwanza, yenyewe ina umeme wake, inalipokea gita halafu inasukuma kwa nguvu, mivujo yote ya mbele haiitishi. Ukiwasha ya mwisho gita limeshavujishwa kote huko nyuma, imefika maiti.

Nina swali moja tu kwako. Ulipomenya huo waya wa gita, chini ya wavu wa shaba, kabla hujafika kwenye plastiki nyeupe ya ndani, kulikuwa na ngozi nyingine nyembamba nyeusi laini?

Kapo_wa_Majengo

Dah. Ndiyo dada ipo. Nyeusi, laini kama mpira wa puto hivi. Nilidhani ni plastiki tu ya kawaida ya kuzuia shoti nikaiacha mpaka karibu na ncha, nikasema afadhali usalama uzidi 🙆🏾‍♂️

Dada_Mikisa

Basi kesi imeisha. Hiyo ngozi nyeusi sio ya kuzuia chochote, hiyo INAPITISHA umeme. Ni plastiki iliyochanganywa kaboni. Wenye viwanda wanaiweka kwenye waya za gita makusudi, kwa sababu waya ukikanyagwa au ukiburuzwa jukwaani ile misuguano ya ndani inazalisha vikelele, sasa ngozi hiyo inavimaliza. Kwa hiyo ni sehemu ya wavu, inatakiwa umenywe pamoja na wavu, irudi nyuma mm 3 hadi 5 kutoka pale waya wa kati unapotokea. Wewe umeisogeza mpaka ikagusa risasi ya ncha. Umejenga daraja la kaboni kati ya ncha na mwili.

Na mita ya piii haiwezi kukwambia, maana inalia pale tu njia inapokuwa nyeupe, omu chache sana. Kaboni ina omu maelfu kwa maelfu, mita inakaa kimya wewe unasema safi. Zungusha kitufe uende kwenye omu, ile sehemu ya 2M (omu milioni 2), chomoa kipande kwenye pedali, weka waya mmoja wa mita kwenye ncha mwingine kwenye mwili. Usishike vyuma vyote viwili kwa vidole, utapima mwili wako mwenyewe. Leta majibu.

Meku_Nyaya

Aisee leo nimeelimika. Kumbe ndo maana kuna waya mmoja wa maiki niliuunga mwaka jana ukawa unaimba kama uko kwenye pipa. Nafuta kauli ya dishi, ila redio yangu bado inadunda.

Kapo_wa_Majengo

Nimepima dada, sikulala. Kipande cha kwanza omu elfu 40. Cha pili elfu 90. Cha tatu laki 2 na kidogo. Cha nne mita imeandika tu 1 ile ya pembeni kushoto, yaani hakuna kitu kabisa. Cha nne nakumbuka ngozi nyeusi ilichanika ikatoka yenyewe nilipomenya ile nyeupe, nikakasirika kabisa kwamba nimeharibu 😂😂 kumbe ndo kilichopona.

Dada_Mikisa

Umeona. Na gita linavikuta vyote kwa pamoja, havipokezani. Ukijumlisha elfu 40, elfu 90 na laki 2 kwa namna ya sambamba unabakiwa na kama elfu 24. Gita lilitegemea milioni, wewe umelipatia elfu 24. Blanketi lako ndo hilo.

FundiWaSakina

Kijana wangu, huyo dada amekumalizia upande wa sauti, mimi niseme upande wa mikono maana redio nimeanza kufungua kabla hamjazaliwa wengi humu.

Jeki hizi za bei nafuu ndani kuna plastiki inayotenga ncha na mwili, na ulimi wa ncha umebanwa kwa ribiti tu. Ukiweka kichomeo ukakaa nacho sekunde kumi, ile plastiki inalainika, ncha inaanza kucheza kama jino bovu, na ikipoa inapoa ikiwa imepinda. Tafuta tundu la jeki bovu, lile la kike, kutoka kwenye amplifaya yoyote iliyokufa, chomeka jeki yako humo kisha ndo uchome. Lile tundu linaishika ncha isihame na pia linanyonya joto. Mimi ninalo moja nimelipigilia kwenye kipande cha mbao, lina miaka mingi kuliko kijana wangu wa mwisho.

Kabla ya risasi piga tupa kidogo ule ulimi wa mwili, hasa ule mkia uliokata. Zile zinang'aa kwa sababu zimepakwa, na mng'ao huo mara nyingi unaikataa risasi, inakaa juu kama tone la maji kwenye jani la mgomba. Ukikwangua mpaka uone rangi ya njano ya chini, paka risasi peke yake kwanza, na waya nao uupake peke yake, halafu ndo uvikutanishe. Nyuzi joto 350 inatosha, sekunde mbili tatu unatoa. Risasi ya 60/40 (bati 60, risasi 40) yenyewe inayeyuka kabla haijafika 190, kwa hiyo usiongeze moto kwa hasira. Na ile dawa ya tindikali ya mafundi wa rejeta na mabomba usiisogeze hapa, itashika leo na kesho kutwa waya umeoza kijani. Nawa mikono ukimaliza, ile ni risasi kweli sio jina tu.

Sasa kizibo. Wazo zuri, nimecheka kwa furaha. Lakini plastiki ya vizibo haishikani na gundi ya tyubu mbili, ni kama kupaka rangi kwenye mafuta. Ndiyo maana kiini kimetoka. Una njia mbili. Ya kwanza, ukitaka kizibo kibaki kama gamba, kikwaruze ndani kwa msasa mkali halafu toboa vitundu vitatu vinne vidogo ubavuni, gundi ipenye itokeze kidogo nje, ikikauka inakuwa imejipigilia misumari yenyewe. Ya pili ndo naipenda zaidi, kizibo kiwe chungu tu cha kufinyangia. Paka mafuta ya mgando ndani, jaza, ikikauka kata kizibo ukitupe, kinabaki kichwa cha gundi tupu, unakipiga tupa kikae bapa unavyotaka. Hiyo unaweza kupunguza mpaka mm 12 kama waya wako ni mwembamba.

Ila mwagia ukiwa umeshapima mara tatu. Gundi hiyo haina rufaa. Na msimu huu wa baridi usiamini maandishi ya dakika tano kwenye boksi, huku kwetu Julai asubuhi mimi naiacha mpaka kesho yake ndo naigusa.

Kapo_wa_Majengo

Shikamoo mzee wangu, na asante sana. Sasa hivi vichwa sita vyenye ugonjwa nimeshavimwagia gundi, viwili ndo hivyo vilivyojitoa vyenyewe. Vinne vilivyobaki ndo basi tena, nikanunue jeki nyingine?

FundiWaSakina

Marahaba. Usinunue bado. Hiyo gundi ya haraka ikipata joto inalainika, haiyeyuki ila inakuwa kama jibini. Pata draya la saluni, piga hewa ya moto dakika kadhaa, halafu ingiza kisu kidogo ubavuni taratibu uikate vipandevipande. Fungua madirisha, ile harufu sio ya kuvuta. Usitumie moto wa kiberiti wala jiko, utaila plastiki ya ndani ya jeki.

Mdau_Kiboriloni

Kwa hiyo jamaa anaenda saluni na jeki zake anamwambia dada naomba unikaushie hizi 🤣🤣 uzi wa mwaka huu

besi_la_Ngarenaro

Swali wadau, mimi napiga besi. Zile jeki za stirio zenye sehemu tatu naweza kuzibana hivihivi?

Dada_Mikisa

Unaweza ila ni mateso. Pale kuna ncha, pete na mwili, ndimi tatu kwenye nafasi ya mm 10, na kila moja inatafuta kumgusa jirani yake. Besi yako na pedali zako ni mono, ncha na mwili tu, hesabu mistari meusi kwenye jeki yako, ukikuta mmoja ni mono, miwili ni stirio. Usijitafutie kazi. Na wote mnaotafuta waya wa vipande vifupi, msinunue mpya, kila kanisa lina boksi la waya za maiki zilizokatika karibu na kichwa, katikati bado ni nzima. Ule una waya mbili ndani na wavu. Mmoja upeleke kwenye ncha, wa pili uusokote pamoja na wavu vyote kwenye mwili. Nyingi hazina hiyo ngozi nyeusi, lakini menya uangalie, usiamini.

Hiyo jeki yenyewe jamani imetoka mbali, ilianzia kwenye zile mbao za wapokea simu karne ya 19, mtu anachomoa anachomeka kutwa nzima. Haikuwaza kabisa kubanwa kwenye rafu ya kabati Majengo.

Kapo_wa_Majengo

Wakuu narudi na mrejesho.

Saluni nimekwenda kweli, ya jirani, mama mwenyewe alidhani natania mpaka alipoona kisu. Alinipa draya la zamani lenye harufu ya nywele kuungua nikakaa nalo nje kwenye benchi. Mzee hajasema uongo, baada ya dakika tatu hivi gundi ikawa inakatika kama sabuni ya mche. Vichwa vitatu vimetoka vizima. Cha nne ncha imelegea, inazunguka ukiishika, nikajua hiyo ni ile niliyokaa nayo na kichomeo siku ya kwanza nikiwa naongea na simu. Nimeitupa nikaweka mpya.

Nimemenya upya zote. Ngozi nyeusi nimeizungushia kisu taratibu nikaivuta kwa kucha, imetoka kama soksi, nimeirudisha mm 4 nyuma. Tundu la kike nimelitoa kwenye amplifaya ya mjomba iliyokufa na radi. Jamani tofauti ni kubwa, risasi inakaa inang'aa na ncha haihami hata kidogo. Kumbe zile za mwanzo zilikuwa za kijivu zenye vidongedonge nikadhani ndo kawaida.

Mita kwenye 2M vipande vyote vinne vinaandika 1 ya pembeni. Nimeunga ubao, pedali zote zimezimwa, nikapiga kodi ya E wazi... mke wangu akatoka jikoni akauliza umenunua gita jipya?

Kitu kimoja tu bado, nikisogeza mkono karibu na kichwa cha pedali ya tatu kuna mngurumo kidogo, nikikigusa unaondoka.

Dada_Mikisa

Hapo wavu umemenya mrefu mno kwenye hicho kichwa, waya wa kati umebaki uchi sehemu ndefu, unadaka umeme wa taa za nyumbani. Ama wavu haujashika vizuri kwenye mwili. Kama hujamwaga gundi fungua uangalie, waya wa kati ulio nje ya wavu usizidi mm 6 au 7. Ukishindwa zungushia karatasi ya shaba juu yake baada ya kuweka tepu, uiunganishe na mwili.

Kapo_wa_Majengo

Umepatia, ulikuwa sm 1 na nusu. Nimeufupisha, kimya.

Gundi sijamwaga. Nimefunga tepu ya umeme tu kwa sasa, Jumapili ibada mbili zipite kwanza, nikiona hakuna kinachokatika ndo Jumatatu nikaokote vizibo. Mzee chungu chako cha kufinyanga ndo nitakitumia.

Meku_Nyaya

Meku nina pedali tatu na mimi, nikuletee vifaa unichomee? Nipo Rau.

Kapo_wa_Majengo

Njoo Jumatatu jioni. Jeki zako, risasi yangu. Ila ukitokea na waya wa dishi narudisha geti.